Mapazia ya Nyumba ya Magurudumu

Tangu Nikodemo alipoleta habari ya nyumba ya magurudumu, Dorkasi hakukaa kitako. Akiketi kumenya viazi, mara yuko mlangoni. Akifika mlangoni anakumbuka chungu. Akikifikia chungu anasahau alichokifuata, anamhamisha mtoto kutoka mgongoni kuja kifuani, kisha anarudi tena mlangoni kusikiliza barabara. Mama mkwe wake, Mama Yudith, alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Alimtazama akienda na kurudi mpaka akachoka yeye.

"Mwanangu, hata kuku anayetaka kutaga huchagua pembe moja akatulia."

"Naja, mama," Dorkasi alijibu, naye alikuwa anatoka.

Dorkasi alizaliwa kule juu ya Soni, binti wa mkulima wa viazi na kabichi. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne. Alitoka huko anajua kusoma Biblia bila kufuatisha kidole, na anajua kushona kwa mkono mishono midogo kama meno ya panya. Aliolewa na Nikodemo mwaka ule bendera mpya ilipopandishwa, akaja kukaa kwa mama mkwe, si mbali na Lushoto mjini. Watu walikuwa wakiimba Uhuru barabarani, yeye akiwa ndani ya kanga mpya analia kwa kumwacha mama yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa mtu wa kutazama.

Nikodemo alikuwa dereva wa Mgiriki mmoja aliyeitwa Bwana Stavro, mwenye shamba la mkonge huko chini nyika na nyumba ya kupumzikia huku juu kwenye baridi. Mkonge ulimlisha Bwana Stavro, lakini moyo wake ulikuwa kwenye gari la mashindano. Lilikuwa gari fupi, jekundu, na zito kuliko lilivyoonekana, maana ndani alilifunga mabomba ya chuma ili likibingirika asifie humo. Gari hilo halikutembea njiani kama magari ya watu wengine. Lilipandishwa juu ya trela, likafungwa minyororo, likavutwa kama bibi harusi mpaka huko linakokwenda kushindana, Moshi au Nakuru au Nairobi. Wa kulivuta ni Nikodemo.

Basi Rubeni, mtoto wao wa kwanza, alizaliwa baba yake akiwa Nakuru. Mashindano yalifuatana, na baba aliporudi nyumbani mtoto alikuwa ameshajua kuketi. Nikodemo akanyoosha mikono. Mtoto akamtazama, akapiga yowe, akauzika uso kifuani kwa mama yake. Majirani wakacheka, na Nikodemo naye akacheka nao. Baadaye Dorkasi alimkuta nyuma ya nyumba ananawa mikono. Mikono ilikuwa imetakata zamani. Alikuwa anaisugua tu.

Hayo ndiyo aliyokuwa nayo Dorkasi moyoni habari ya nyumba ya magurudumu ilipokuja.

Bwana Stavro alikuwa amechoka kulala chini ya trela kila mashindano. Alitaka gari lenye nyumba ndani yake, lenye vitanda na jiko, na papo hapo liwe na nguvu za kuvuta trela na gari juu yake. Pale Lushoto palikuwa na magari mawili yanayouzwa na Wazungu waliokuwa wanarudi kwao. La kwanza lilikuwa basi lililong'olewa viti, likapakwa rangi ya maziwa. Mbele lilikuwa na kitanda na meza, na nyuma kabisa chumba kizima chenye kitanda kipana, madirisha pande zote na mlango wake. La pili lilikuwa lori lililobebeshwa kijumba cha mbao, mfano wa banda la kuku lililopandishwa cheo. Ndani ya banda mlikuwa na vitanda viwili vyembamba, kimoja juu ya kingine, na kidirisha kimoja cha kupitisha kichwa.

"Utakayeshinda na usukani ni wewe," Bwana Stavro alimwambia Nikodemo. "Chagua wewe. Tukichukua basi, chumba cha nyuma ni chako, mlete mkeo na mtoto, atupikie. Tukichukua lori, ni mimi na wewe tu. Jumamosi jaribu unalolitaka, mpaka Mombo na kurudi, na trela nyuma. Likienda vizuri, nanunua."

"Basi," Nikodemo akasema. Alisema upesi sana, hata yeye mwenyewe alilieleza hivyo alipomsimulia mkewe. "Nilisema basi kabla hajafunga mdomo!"

Siku ya pili yake Dorkasi alikwenda kuliona. Alipanda ndani, akagusa godoro, akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua. Alipima madirisha kwa shubiri. Alipotazama nje kwa dirisha la nyuma alimwona mumewe amechuchumaa. Nikodemo alikuwa ameweka mkono mmoja juu ya gurudumu la nyuma, na mwingine ameunyoosha kuelekea kwenye kulabu ya kukokotea trela. Mkono haukufika hata nusu. Alisogea, akapima tena kwa mikono, akasimama, akabaki anautazama ule mkia wa basi uliotokeza nyuma ya magurudumu.

"Kuna nini, Baba Rubeni?"

"Hamna. Napima tu."

Aliporudi nyumbani Dorkasi alitoa sandukuni kanga zake za harusi, akazikata. Mama Yudith aliposikia mkasi alishika kiuno.

"Unakata kanga ya harusi kwa ajili ya gari la Mgiriki?"

"Ni mapazia, mama. Mtoto akilala mchana."

"Mtoto atalala nyika? Huko homa inakaa njiani inangoja watoto wa huku Shambaai milimani. Na moto je? Nyumba gani hiyo isiyo na mafiga?"

"Kuna jiko la mafuta ya taa, mama."

"Jiko la mafuta ya taa," Mama Yudith alirudia, kama mtu aliyeambiwa kwamba mtoto atanyonya chupa ya soda.

Dorkasi akatunga uzi. Alishona. Alijichoma sindano, akanyonya kidole, akashona. Wiki nzima kila gari lililopita alilitambua kuwa silo, na bado alitoka kulitazama.

Jumamosi asubuhi Nikodemo alileta basi mpaka karibu na nyumba, trela nyuma, gari jekundu juu yake limefungwa. Watu walijaa. Na hapo likaanza lile ambalo kila mtu wa milimani analijua. Mtu akishuka nyika hashuki mikono mitupu, na gari likishuka halishuki tupu. Kila nyumba ina dada aliyeolewa Mombo, au mjomba anayefanya kazi mkongeni, na kila mjomba huko kwenye joto anaota viazi vya nyumbani. Ukiukataa mzigo wa jirani leo, kesho jeneza la kwenu litakosa wabebaji. Hakuna aliyepata kusikia kwamba jambo hilo lilimtokea mtu, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Jirani yao Jenoveva ndiye aliyefika mbele ya wote, na kikapu cha viazi kichwani.

"Mama Rubeni! Leo wewe ni mke wa Gavana. Viazi hivi ni vya dada yangu pale Mombo, usinikatalie."

"Dada Jenoveva, gari lenyewe si letu. Linajaribiwa."

"Basi lijaribiwe na viazi! Uhuru na Kazi, ama vipi? Gari la Mgiriki, mzigo wa wananchi, huo ndio ujamaa wenyewe!"

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kikafungua mlango. Vikaingia viazi, maharage, kabichi, mapeasi kwenye makapu, mikungu ya ndizi, na mtungi wa bibi mmoja ambao hakuna aliyeuliza una nini. Balozi wa nyumba kumi mwenyewe alileta gunia, akalisukuma ndani akiwa amefunga macho kwa aibu. Na kwa kuwa mlango ulikuwa kule nyuma, kila kitu kiliishia kule nyuma, chini ya kitanda kipana na juu yake na kando yake. Nikodemo alisimama anatazama springi zikilala. Mara moja alifungua mdomo. Akautazama uso wa mkewe, uliokuwa unang'aa kati ya mapazia mapya, akaufunga mdomo.

Bwana Stavro akaja na gari lake dogo. "Nitafuata nyuma," akasema. Safari ikaanza.

Dorkasi aliketi kwenye kipande cha kitanda kilichobaki, mtoto mapajani, magoti yamebanwa na kabichi. Mpaka Soni alikuwa anacheka peke yake kila wakati. Alimwonyesha Rubeni maporomoko ya maji, Rubeni akaangalia kifungo cha blauzi. Lakini baada ya Soni, njia ilipoanza kuning'inia pembeni mwa mlima, kicheko kilimtoka na hakurudi kukitafuta.

Aliona kitu, au tuseme alikisikia kwa mwili wake. Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni anajua: kanga ikilegea, mtoto akateremka mpaka kiunoni, kichwa chako kinavutwa nyuma, unajikuta unatazama mawingu na vidole vya miguu havikanyagi sawasawa. Basi lile lilikuwa linatembea hivyo. Trela lilikuwa linaukandamiza mkia, viazi vya ujamaa vinaukandamiza, na huko mbele pua ya gari imeinuka kama ya mtu anayenusa mvua. Kila kona mkia ulipepesuka kwenda upande wa bonde. Dorkasi aliinuka, akaketi, akahamia upande wa mlima, akarudi katikati. Alitaka kumwita Nikodemo, lakini dereva wa kona zile haitwi.

Kona iliyofuata Nikodemo alikata usukani, na basi halikukata. Liliendelea mbele, taratibu, kwa adabu kabisa, kama mtu asiyesikia anapoitwa. Dorkasi aliona kwa kioo cha mbele majani, kisha hewa. Alijitupa juu ya makapu ya mapeasi na mtoto chini ya kifua chake. Alisikia gia ikilia, breki zikilia, trela likigonga, na Nikodemo akisema neno moja tu tena na tena, "Shika, shika, shika," haikujulikana anamwambia nani. Gurudumu moja la mbele likashika. Pua ikageuka upande wa mlima, ikajichomeka kwenye ukuta wa udongo, ikakaa.

Kisha mapeasi yakaanza kushuka ngazi za mlango, moja moja, kwenda barabarani. Rubeni aliyatazama, akacheka kwa furaha.

Nikodemo alikuja mbio kwa nje, akafungua mlango, akawashika wote wawili, akawapapasa kichwa mpaka mguu. Rubeni alipomwona karibu hivyo akaanza kulia.

"Ni mizigo tu," Nikodemo akasema, anahema. "Mizigo ya watu. Tukiishusha gari litashika njia. Mama Rubeni, hili gari ni zuri. Ni mizigo tu."

Dorkasi alimfunga mtoto mgongoni, akaivuta kanga juu, akaikaza vizuri sana. Kisha akasema polepole, "Siku ile ulikuwa unapima mkono toka gurudumu mpaka kulabu."

Nikodemo aliokota peasi moja, akaligeuza mkononi.

"Ulijua."

"Nilijua mkia ni mrefu," akasema mwishowe, akitazama chini. "Trela zito linataka kuvutwa karibu na magurudumu, si mbali huku nyuma. Lori ndivyo lilivyo, tena lenyewe ni zito, trela haliwezi kulichezea. Nilijua. Lakini lori halina mahali penu. Nikajiambia nitaendesha polepole."

"Na mizigo?"

"Safari nyingine tutakataa mizigo."

Wakatazamana. Kisha Dorkasi akacheka, hakuweza kujizuia. "Wewe? Umkatalie Jenoveva?"

Hata Nikodemo alitabasamu, lakini tabasamu halikukaa. Gari dogo la Bwana Stavro lilikuwa limefika. Mgiriki alishuka, akalizunguka trela lake kwanza, akagusa gari jekundu kama mtu anayegusa paji la mtoto mgonjwa. Alipoona liko salama ndipo akawauliza hali zao. Kisha akawasha sigara.

"Haya, dereva. Nimeona mizigo. Bila mizigo, hili linatufaa? Au lori?"

Nikodemo alifungua mdomo. Dorkasi aliliona neno linavyokuja, na aliona ni neno gani. Lingekuwa lilelile alilolisema upesi mara ya kwanza. Moyo wake mwenyewe ulikuwa unalisukuma lije. Aliona chumba cha nyuma, mapazia yanapepea Nakuru, mtoto anaamka na kumkuta baba yake palepale. Aliona yote hayo waziwazi. Akamgusa mumewe kiwiko, akamwambia kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, amwambie lori.

"Unajua unachokisema?" Nikodemo akamjibu kwa lugha hiyohiyo. "Nitaondoka tena. Huyu atanililia tena."

"Atakulilia ukiwa hai. Mwambie."

Bwana Stavro alikuwa anawatazama mmoja baada ya mwingine. "Mnapanga nini?"

"Lori, Bwana," Nikodemo akasema. "Hili mkia wake mrefu. Linatufaa kulala, halitufai kuvuta."

"Mimi napenda hili," Mgiriki akalalamika.

"Hata mimi, Bwana."

Ikabidi mizigo yote ihamishwe kwenda mbele, hata kwenye meza na kitanda cha Bwana Stavro, mtungi wa yule bibi ukawekwa karibu na usukani kama abiria wa heshima. Trela likafunguliwa, likaachwa kando ya njia pamoja na gari dogo, na basi likarudishwa njiani. Bwana Stavro akaliteremsha gari lake jekundu, akashuka nalo mwenyewe mpaka Mombo, kelele zikipiga mlima huu na kurudishwa na ule. Pale Mombo dada yake Jenoveva alipokea viazi vyake, akavigeuza, akasema, "Mbona vimepondeka?"

Lori likanunuliwa. Likaondoka mwezi uleule, trela nyuma, halikupepesuka. Dorkasi alilisindikiza mpaka barabarani. Kwenye kile kidirisha kimoja lilikuwepo pazia lake moja, lililokunjwa mara mbili ili lienee. Mengine aliyatundika ndani kwake, lakini hayakumtuliza. Siku nyingine aliyafungua na kuyafunga bila sababu, akasikiliza barabara, akasahau chungu. Mama Yudith hakusema habari ya kuku tena. Alimpokea mtoto tu, akamwacha atembee.

Jambo moja alilifanya bila kumwambia mtu. Alitoa koti la zamani la Nikodemo lenye harufu ya mafuta na tumbaku, akawa anamlaza mtoto juu yake kila mchana. Nikodemo aliporudi, vumbi mpaka kope, Rubeni alimtazama kwa mashaka. Midomo ikaanza kukunjamana. Kisha akanusa. Akasogea kwa makalio mpaka kwenye goti la baba yake, akalishika, akabaki hapo bila kulia. Nikodemo hakuthubutu kusogeza mguu mpaka chai ikapoa.

Miaka haikuwa mingi. Azimio lilipotangazwa na mashamba makubwa yakawa ya taifa, Bwana Stavro aliuza alichoweza kuuza, akamkumbatia Nikodemo hadharani, akaondoka. Gari jekundu lilikwenda naye meli moja. Lori lilinunuliwa na ushirika, na dereva wake akawa yuleyule, sasa ana kazi ya kushusha mboga Mombo asubuhi na kupanda jioni. Kijumba cha mbao hakikuhitajika kubebea kabichi, basi vijana wa kijiji wakakishusha kwa magogo na kukiweka kando ya nyumba ya Mama Yudith. Pazia lilikuwa bado linaning'inia kidirishani, limepauka.

Dorkasi aliingia humo akiwa na mimba ya pili. Aliketi kwenye kitanda cha chini. Alifungua kidirisha, akaona migomba ya mama mkwe wake, ileile. Akakifunga. Mguu wake wa kulia ulikuwa unabonyeza sakafu, unatafuta breki kama vile bado yuko kwenye kona ile, na aliucheka.

"Nyumba imekuja, haiendi popote," akasema.

Mama Yudith akaja na kaa la moto kwenye kigae, akaliweka nje mlangoni, kati ya mafiga aliyoyapanga mwenyewe. "Sasa ndiyo nyumba," akasema.

Kesho yake alfajiri Dorkasi alikuwa tena kwenye njia, hajakaa. Lori lilikuwa linaunguruma, Nikodemo ndani, Rubeni amening'inia mlangoni anamwambia baba yake asisahau miwa. Jenoveva akaja anahema, kikapu kichwani.

"Mama Rubeni, mwambie asiondoke! Ni vya dada yangu. Nauliza tu, hakuna nafasi?"

"Ipo," Dorkasi akasema, akakipokea kikapu. Akapita pembeni ya lori, akaupita mkia, akalipita gurudumu la nyuma, akakiweka mbele kabisa, nyuma ya kichwa cha dereva. "Vikapu vyote viwekwe hapa. Waambie na wenzako."